Ombi la Kufuta Ibara ya 46

Kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, Nairobi.

Waheshimiwa, tunaomba mtuondolee mgongano wa sheria. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kasoro zikimtia hasara. Lakini risiti za madukani zina katiba yake, fupi, iliyogongwa kwa muhuri wa mpira: “Mali ikiuzwa hairudishwi.” Ile ya kwanza ilihitaji kura ya maoni ya nchi nzima, hii ya pili ilihitaji wino. Redio ikigoma kuwaka, inayotekelezwa ni hii ya pili, papo hapo, bila wakili wala ada. Basi kwa heshima zote tunapendekeza Ibara ya 46 ifutwe, muhuri ukae mahali pake.

Wenye maduka wana hoja. Wapo wateja wanaovaa gauni harusini Jumamosi na kulirudisha Jumatatu likinukia pilau. Huo ni ujanja, na hakuna anayewataka wauzaji waubebe. Ila muhuri hautofautishi gauni lililotoka harusini na pasi ambayo haijawahi kupata moto. Muuzaji mdogo atalalamika kwamba wa jumla naye harudishiwi kitu. Ni kweli, naye kagongewa muhuri uleule, na kasoro huteremka hivyo mkono kwa mkono hadi imfikie mnunuzi, ambaye hana wa kumgongea. Cha ajabu, noti ya elfu moja huinuliwa kwenye mwanga, ikishukiwa hurudishwa palepale, wala hakuna mteja anayethubutu kujibu kwamba noti ikitolewa hairudishwi.

Mtatukumbusha kuwa ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Tunaishukuru. Lakini anayedai bei ya pasi ataimaliza kwa nauli na siku za kazi atakazokosa, na wauzaji wanalijua hilo kuliko mawakili. Isitoshe, Sheria ya Ushindani ya 2010, mnayoisimamia ninyi, inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu haki zake. Sijui muhuri ule hufanya kazi gani nyingine.

Kama kufuta ibara ni kazi nzito, lipo ombi jepesi: waamuruni wauzaji waongeze maneno manne kwenye muhuri, “isipokuwa ikiwa na kasoro”, na asiyeyaongeza atozwe faini.