Sifa za Kompyuta Isiyokamata Mtandao

Mnazi umesifiwa na washairi wa pwani kuanzia mizizi hadi makuti. Majahazi yana masifu yao, na siku hizi hata maji ya chupa yana watu wanaolipwa kuyasifu. Ila sijasikia ubeti hata mmoja kwa ajili ya kompyuta iliyotoka kuwekewa Linux leo hii, skrini inang'aa, saa inatembea, na pale juu pembeni panapokaa alama ya waifai hapana kitu. Si kwamba mtandao ni dhaifu. Haupo. Mashine haina habari kama duniani kuna waifai. Dhuluma hii imedumu vya kutosha.

Sifa huanza na nasaba, basi tuitaje. Agosti 1991, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Toleo la kwanza la kerneli yake, yaani moyo wa mfumo, lililotoka mwezi uliofuata, halikuwa na mtandao kabisa. Lilisoma diski, likaandika kwenye skrini, basi. Mtandao ulikuja mwaka uliofuata. Kwa hiyo wanaolalamika kwamba Linux imewanyima intaneti wajue nani mwenyeji na nani mgeni. Kutounganishwa kumezaliwa pamoja na mfumo huu na kunyonya naye ziwa moja; intaneti ilihamia baadaye, na wahamiaji wana kawaida ya kukosekana nyumbani.

Baada ya nasaba, uadilifu. Ndani ya chipu nyingi za waifai mna kompyuta ndogo, na kila inapowashwa hiyo ndogo huamka haijui kitu mpaka ipakiwe programu yake, ambayo mafundi huiita fimwea. Fimwea ni mali ya kampuni iliyotengeneza chipu. Zipo kampuni zinazoruhusu igawiwe bila kuonyesha msimbo wake, na zipo zisizoruhusu hata hilo. Debian, mradi wa kusambaza Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ulishikilia kwa miaka mingi kwamba kisichoonyesha msimbo wake hakikai kwenye diski yake rasmi. Sasa tazama tofauti. Jirani yako hana intaneti kwa sababu bando limekwisha, jambo la kawaida na la aibu kidogo. Wewe huna kwa sababu ya itikadi. Hakuna anayeweza kukupita kwa usafi wa diski, na kwa barua pepe hakuna anayeweza kukupata.

Aliye juu ya wote katika ukoo huu ni zile chipu za zamani za Broadcom, zilizojaa kwenye MacBook na Dell za miaka ya 2000, mashine ambazo bado zinazunguka kwa wauza mitumba. Fimwea yao haina ruhusa ya kugawiwa. Debian wakaja na kifurushi kiitwacho firmware-b43-installer, na ndani yake fimwea haimo. Yamo maelekezo ya kwenda kuichukua kwenye intaneti na kuichomoa kutoka kwenye draiva ya kampuni. Soma tena taratibu. Ili ikupe mtandao, kompyuta inakuomba mtandao. Ufunguo wa sanduku umefungiwa ndani ya sanduku, na aliyelifunga amebandika juu yake karatasi yenye maelezo mazuri sana ya kulifungua. Zamani palikuwa na njia ya hila, ndiswrapper, ambapo draiva iliyoandikwa kwa ajili ya Windows XP ilipakiwa kwenye Linux na kuhadaiwa mpaka ikaamini bado iko kwao. Mara nyingine ilifanya kazi. Diplomasia ya namna hiyo siku hizi haipatikani hata ubalozini.

Msifiwa wetu pia ni mpatanishi wa watu. Simu ya Android ukiichomeka kwenye kompyuta kwa kebo na kuiruhusu igawe mtandao, Linux huiona kama kadi ya waya, haidai fimwea wala itikadi, na ndiyo njia ya mkato ya kila mwenye taabu hii. Sasa simu yako haina bando. Inabidi ugonge mlango wa pili, kwa mama ambaye mwaka mzima mmeishia kunyanyuliana mikono.

"Shikamoo mama. Samahani, naomba simu yako dakika mbili."

"Marahaba mwanangu. Simu ya nini tena?"

"Ya kuunganisha na kompyuta, nishushe faili moja dogo."

Faili kweli ni dogo. Lakini Linux yako ya Ubuntu, ikinusa mtandao kwa mara ya kwanza tangu izaliwe, inakwenda nyuma ya mgongo wako kushusha masasisho ya usalama, megabaiti mamia kwa mamia, na bando la wiki la mama wa watu linakwisha chai ikiwa bado ya moto. Kuanzia hapo hamtakosa la kuongea.

Kuhusu elimu naomba nikae zaidi, kwa maana hapa ndipo wasemaji wabaya wanapomkosea msifiwa wetu heshima. Mtu ambaye mtandao haujawahi kumsumbua anadhani intaneti ni kitu kimoja: ipo au haipo. Hitilafu hii humvua ujinga huo kipande kwa kipande. Anaandika lspci kuuliza kama kadi imo ndani ya mashine. Imo. Anamuuliza dmesg kama kerneli imeiona. Imeiona, na imelalamika kukosa faili fulani la fimwea, ikalitaja kwa jina kamili, kwa hiyo hata lawama zina anwani. Faili likishapatikana, anaandika ip link na kukuta kadi ya wlp2s0 imelala, anaiamsha.

Ndipo inapofika zamu ya ping, programu ya kuiita mashine na kusubiri iitikie. Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 katika maabara ya jeshi la Marekani, akaipa jina la mlio wa sona ya manowari, na mpaka leo sijaona chombo kingine kinachosema ukweli kwa ukatili kama huo. Unapiga 127.0.0.1, kompyuta inajiita na kujiitikia yenyewe, haraka ajabu, pakiti hata moja haipotei. Furahia, usiku huo ndiyo mafanikio pekee utakayoyaona. Unapiga ruta: kimya. Unaitazama anwani yako, na mara nyingine unakuta inaanza na 169.254. Maana yake mashine iliomba anwani, haikupata wa kuijibu, ikajipangia yake. Sisi tuliosomeshwa Azimio la Arusha na siasa ya kujitegemea tulitakiwa kusimama na kupiga makofi. Ina anwani yake, ina heshima yake, na nje ya chumba hicho haisemezani na yeyote.

Kilele cha fani, hata hivyo, ni pale 8.8.8.8 inapojibu na majina yakagoma. Pakiti zinakwenda mpaka seva za Google na kurudi zikiwa hai, lakini ukiandika jina la tovuti yoyote unaambiwa pametokea hitilafu ya muda katika kutafuta jina. Ya muda! Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina, DNS, mwaka 1983, ili binadamu wasihangaike kukariri namba, na mafundi wa mitandao wana utani wao kwamba hitilafu yoyote ukiichimba, chini kabisa utamkuta DNS amekaa. Unafungua /etc/resolv.conf ili ujue kompyuta inamuuliza nani. Pameandikwa 127.0.0.53, na hiyo ni anwani ya kompyuta yenyewe. Kwenye Ubuntu ndio utaratibu: systemd-resolved hupokea swali humo humo ndani, kisha anatakiwa awaulize wa nje, na wa nje hajaambiwa ni akina nani. Kwa hiyo mashine inajiuliza njia, inajijibu kwamba haijui, na kukuletea jibu hilo kama limetoka safari ya mbali. Juu ya faili pana onyo la kutolihariri. Unalihariri. Mtandao unarudi, unashangilia, unazima mashine, unalala. Kesho ukiwasha, faili limeandikwa upya na 127.0.0.53 anakusubiri. Ofisi nyingi za umma zingejifunza hapa namna ya kutunza utaratibu.

Wenye swichi nao wasisahaulike. Laptopu nyingi za zamani zina kitufe kidogo ubavuni cha kuzima redio ya waifai, na mkoba ukikibana kinasogea. Fundi aliyekwisha kusakinisha mfumo upya, kubadilisha kerneli na kuzilaani kampuni za chipu zote anazozijua anaandika rfkill list, na kusoma kwamba redio imezimwa kwa mkono. Anakisukuma kwa kidole gumba. Ukimuuliza alifanyaje, atakwambia alirekebisha mipangilio.

Kwa masikitiko, msifiwa wetu anawindwa. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura na kukubali fimwea zisizo huria ziingie kwenye diski rasmi, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, huikamata waifai ya mashine nyingi usakinishaji ukiwa bado unaendelea. Vijana wanawekewa Linux asubuhi, mchana wanatazama mpira, na ukiwatajia lspci wanadhani ni timu ya daraja la pili. Matumaini hayajaisha. Ukinunua laptopu yenye chipu ya mwaka huu na kuiwekea mfumo wenye kerneli ya miaka miwili nyuma, kerneli haitakuwa imewahi kuisikia. Na zile Broadcom za zamani hazikuguswa na kura, kwa kuwa leseni yao bado haimruhusu mtu kuigawa fimwea, na kile kifurushi bado kinaomba mtandao ili kilete mtandao. Anayetaka uhondo huu kabla haujatoweka aende kwa muuza mitumba, aulizie MacBook ya mwaka 2008 hivi, na akiongezewa waya wa ethaneti bure, aukatae.