Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Walioitakasa Gesi

Kwa Waheshimiwa Makamishna wa Umoja wa Ulaya, Brussels.

Baada ya salamu na taadhima, naarifu kwamba habari ya fatwa yenu ya mwaka 2022, ambayo kwayo umeme wa gesi asilia uliandikwa katika daftari la mambo ya kijani ili upokee zamu ya makaa ya mawe, na ambayo Bunge lenu lilikataa kuizuia tarehe 6 Julai kwa ijmai ya kura 328 dhidi ya 278, imetufikia huku pwani, nasi tumeipokea kwa mshangao wa watu waliodhani kijani ni rangi, kumbe ni cheo.

Marehemu bibi yangu, aliyepikia makaa umri wake wote, alipoletewa jiko la gesi na sufuria mpya, aliinjika chai, akaipindua sufuria ilipopoa, akapitisha kidole chini yake, alipoona hakina masizi, akasema, "Jiko hili halina dhambi." Nilimcheka. Leo namwomba radhi, maana naona kipimo chake ndicho mlichokitunga kuwa sheria.

Ni haki kukiri kwamba gesi ichomwapo hutoa takriban nusu ya hewa ya ukaa itolewayo na makaa ya mawe kwa umeme ule ule. Lakini methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikivuja kisimani au bombani kabla ya kuonja moto, huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito ule ule wa hewa ya ukaa katika muda wa miaka 20. Nayo haina moshi, haina rangi, haiachi masizi kidoleni. Nanyi mkaweka mpaka wa gramu 270 kwa kila uniti, mkahesabu kitokacho mtamboni, na kilichovuja njiani mkamwachia Mwenyezi Mungu.

Na mtambo uliolemewa na mpaka huo mkaufungulia mlango wa rehema: wastani wa kilo 550 kwa kila kilowati kwa mwaka, upimwe kwa miaka 20, mradi kibali kipatikane kabla ya 2030 kwisha, na mwenyewe aahidi kuhamia gesi iliyo safi zaidi ifikapo mwisho wa 2035. Huku kwetu, mtu alaye mchana wa Ramadhani kwa nia ya kufunga miaka ijayo huambiwa hakufunga. Hatukujua kuna saumu ya wastani.

Limenitatiza jambo moja. Novemba 2021, huko Glasgow, baadhi ya dola zenu ziliahidi kukomesha, ila kwa nadra, fedha za umma kwa miradi ya namna hii katika nchi za watu. Na Mei 2022 Waziri Mkuu wa Ujerumani, Olaf Scholz, alikuwa Dakar akizungumzia gesi ya Senegal. Basi gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na inayotupa umeme Dar es Salaam tangu 2004, ina rangi gani? Au ukijani haupatikani kisimani, hupatikana forodhani kwenu?

Kama rangi hiyo imebaki, naomba kibaba kimoja. Sufuria kuukuu ya bibi ninayo bado, na masizi yake yamelishinda jivu, yameushinda na mchanga.

Wabillahi tawfiki.

Mnyenyekevu wenu,
Mlipa umeme, Dar es Salaam