Vita vya Megabaiti Arobaini

Ukitaka kuona mtu mzima akikosa usingizi kwa jambo dogo, mpe kompyuta iliyochoka na fedha za kutosha SSD moja ya bei nafuu, kisha umwekee mbele Kingston A400 na Crucial BX500. Ya kwanza, yenye gigabaiti 240, imetangazwa kuwa inasoma megabaiti 500 kwa sekunde. Ya pili inatamba kwa 540. Kwa hizo 40 za ziada ataomba ushauri kwa fundi, kwa shemeji na kwa kila mpita njia aliyewahi kushika bisibisi. Nasema bila kumung'unya maneno: anajisumbua bure. Kwa kompyuta kuukuu, swali la maana ni kuachana na hadi diski au kutoachana nayo. Mengine ni mapambo ya boksi.

Kompyuta nyingi za kabla ya 2011 huunganisha diski kwa SATA ya kizazi cha pili, njia ambayo hata ikijikaza vipi haipitishi megabaiti 300 kwa sekunde. Gari la mwendo wa 180 na la 200, yakishapanda pantoni ya Kigamboni, yanafika ng'ambo pamoja. Isitoshe, kinachoichelewesha mashine si kusoma faili moja kubwa. Hadi diski ya laptopu ya zamani kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kwa kila kipande kinachohitajika, kichwa chake hakina budi kuhama, kisha kusubiri sahani izunguke. Kila safari hula milisekunde kumi na ushee, na Windows ikiwaka huita vipande kwa maelfu. Ndiyo maana mtu hubonyeza kitufe, akachemsha chai, akainywa, akaosha na kikombe, akarudi na kukuta viduara bado vinazunguka. Akiingiwa na hasira akabofya mara tano, atafunguliwa madirisha matano wakati ameshasahau alichokuwa akitafuta. SSD haina kichwa cha kuhamahama. Kipande hicho hukipata kabla milisekunde moja haijaisha. Nafuu hiyo ataipata kwa A400, na kwa BX500 vilevile.

Wajuzi watadakia kwamba SSD hizi hazina DRAM, yaani kumbukumbu ya muda ya ndani, kwa hiyo zinapunguza mwendo ukizibebesha mzigo mkubwa, mathalani video nzima ya harusi. Ni kweli, ila zote mbili hazina, na ila ya pamoja haimsaidii mtu kuchagua. Wengine wataogopa kwamba ya rahisi hufa mapema. Katika ukubwa wa gigabaiti 240 zote zina dhamana ya miaka mitatu au terabaiti 80 za kuandikwa, yaani kama gigabaiti 73 kila siku kwa miaka yote hiyo. Anayechapa mihtasari ya vikao na kutazama tamthilia hatafika huko, hata akichapa vikao vya ukoo mzima.

Wasiwasi huo wote uhamishiwe mahali unapostahili: kwenye bidhaa feki. SSD ya terabaiti 2 inayouzwa kwa bei ya sahani mbili za pilau haina terabaiti 2. Imefundishwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake, na nafasi halisi ikijaa, mafaili mapya hupotea au huyafuta ya zamani. Kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayetoa risiti, na kabla hujahamishia chochote ijaze kwa programu kama H2testw, ambayo huandika mpaka mwisho kisha husoma ilichoandika. Kati ya A400 na BX500, chukua iliyo rahisi siku hiyo. Chenji ikibaki, ongeza RAM, maana mashine yenye gigabaiti 4 itanufaika zaidi kwa hilo kuliko kwa megabaiti 40 za kwenye boksi.