Sifa za Mtukufu wa Dirishani

Wanaosifu waridi na waendelee. Mimi leo namsifu vayoleti wa Usambara, mmea usiofika hata kimo cha birika, aliyekwisha kunifia mara tatu katika nyumba ileile ya Tabata.

Sifa yake kuu ni kujiheshimu. Hanywi maji ovyo kama mchicha. Ukimmwagia maji ya baridi juu, majani yake yenye vinyweleo kama mahameli hutoka madoa, na madoa hayo hayafutiki. Kwa hiyo maji yake huandaliwa. Wanangu huoga ya baridi alfajiri wakitetemeka. Mtukufu hutengewa ya uvuguvugu kwenye kisahani, ayanyonye kwa chini taratibu, nusu saa hivi, kisha kisahani kiondolewe asije akaoza mizizi. Siku moja ya mgao, ndoo moja ndiyo mali yote ya nyumba, mama watoto alinikuta nimechutama, napima joto la maji kwa kiwiko kama namwogesha kichanga. Aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akaenda zake.

Ana sifa nyingine. Ni mpenda kiasi: jua la saa sita humbabua, na kiza humnyima maua. Ni mkarimu: wadudu weupe kama pamba hula kwake bila kubaguliwa. Tena hana makuu katika kufa: jioni mzima, asubuhi amelegea kama mlenda.

Alipokufa wa tatu nilirudi kwa kijana aliyeniuzia kando ya barabara kwa shilingi 15,000.

“Pole, mzee wangu,” akasema. “Hili ua la Uholanzi. Haliwezi hali ya huku.”

Hali ya huku! Hapo sifa zote zikanitoka kichwani. Mimi mzaliwa wa Muheza. Ua hili kwao ni milima yetu ya Usambara, kwenye nyufa za miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha msitu, na hakuna anayelipimia maji kwa kiwiko. Miaka ya 1890 ofisa wa utawala wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la baroni huyo, Saintpaulia. Wakalizalisha, wakalitia vyunguni, dunia nzima ikalinunua. Sisi tuliobaki na mlima tukauingilia msitu kwa shoka, ua likakosa kivuli palepale lilipozaliwa. Likiwa mwambani tunaliita gugu. Likirudi na chungu cha plastiki tunavua kofia, tunafungua pochi.

Kijana wa watu sina ugomvi naye. Anauza tunachopenda kusikia. Ila la nne sinunui. Mwezi wa kumi na mbili naenda nyumbani, nikalitazame bure, kama mti unaolitia kivuli haujawa mkaa.