Kaa wa Sita

Siku ya mwisho ya likizo huwa haina heshima. Siku sita nzima pale Ushongo, kusini mwa mto Pangani, tuliamka tulivyojisikia. Ya saba mume wangu aliamka saa 11 alfajiri, karatasi mkononi. Kuondoka saa 12 kamili. Kivuko cha Bweni saa 1. Segera saa 4. Same saa 7, kumshusha mama. Arusha saa 11 jioni, jua likiwaka.

Saa 12 kamili watoto walikuwa wanaiaga bahari. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, kwa hiyo kuiaga kulitaka kwanza kuifuata, na kuifuata kukachukua saa nzima. Waliporudi, nguo za safari zimelowa hadi kifuani, nikawapekua mifuko. Kwetu ni sheria: hakuna kombe wala konokono linalopanda gari. Mwaka juzi tulirudi kutoka Bagamoyo na makombe mazuri ajabu ambayo, ilikuja kubainika, wenyewe walikuwa bado wamo ndani.

Nikiwa kwenye upekuzi huo, mama mkwe alikuwa chini ya mnazi anapatana bei na mvuvi. Mama ni mtu wa milima ya Upare. Aliishi miaka zaidi ya 70 bila kuonja kaa, akaja kuonja Jumatatu. Kufikia Jumapili haambiwi kitu. Alinunua sita, kaa wa mikoko, wapana kama sahani, magando yamefungwa kwa ukindu.

"Mama," nikajaribu, "si tuwachemshe hapahapa, wasafiri wametulia?"

"Kaa akifa kabla ya sufuria ni uchafu, mwanangu. Mvuvi kaniambia."

Mvuvi akathibitisha: gunia bichi, kivuli, watafika popote wakiwa hai. Mume wangu akawahesabu, akaandika kwenye karatasi yake: kaa 6. Wakaingia kikapuni, kikapu kikawa cha mama. Hakukiachia. Hata Bweni, abiria waliposhushwa ili magari yapande peke yake, alivuka amekikumbatia.

Kivukoni mume wangu alipumzika kutazama saa kwa dakika chache akawafundisha watoto jiografia. Haya maji, alisema, mengine yametoka kwetu: yanashuka Meru na Kilimanjaro, yanakutana Nyumba ya Mungu, ndiyo haya yanaingia baharini. Watoto wakayatazama yale maji ya kahawia kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemkuta ugenini na nguo chafu. Saa ilikuwa 4 na robo.

Segera tulifika saa 7. Mama akashuka kujisaidia, binti yetu mkubwa akamsindikiza. Nikafungua kikapu ninyunyizie maji lile gunia.

Watano.

Nikahesabu tena kwa kumgusa kila mmoja na mwiko. Watano. Chini ya kiti cha nyuma kilikuwepo kipande cha ukindu. Kikapu chenyewe kilikuwa cha ukindu, lakini ni nani ana muda wa kufikiri hivyo anapojua kwamba ndani ya Noah yake anatembea kaa mwenye magando ya kukata kidole?

"Tumwambie mama," nikasema.

"Presha," akajibu mume wangu, na neno hilo likawa amri. Kitindamimba wetu ana miaka mitano na siri humtoka kama jasho, kwa hiyo tukamwambia ni mchezo: anayegusa sakafu ameungua. Basi tukaondoka Segera, miguu yote imepanda vitini. Ya dereva tu ndiyo ilibaki chini, kwenye pedeli, ndani ya ndala.

Sijawahi kuona mtu akiendesha vile. Kila karatasi ya pipi iliposogea alikanyaga breki. Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe, akaanza kujifariji kwa sauti ya chini, upande wangu. Je, nilijua kwamba mkonge huu aliuleta Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893? Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, kulekule kusini mwa mto tulikotoka. "Yeye alipoteza 938 na nchi ikapata zao," akasema. "Sisi tumepoteza mmoja."

"Hindorf hakuwa amekalia miche yake," nikamjibu.

Mombo, ambako watu wenye akili timamu hushuka wakala, yeye alifungua sanduku, akatoa viatu vya kanisani na soksi nene, akavaa. Mama alimtazama kwa muda mrefu, hakusema neno. Mbele, Mkomazi, Hedaru, Makanya, ilikuwa jua na vumbi na ganzi ya mapaja.

Same mume wangu alikitoa kikapu mbiombio, akakifikisha mpaka jikoni kabla mama hajapata wazo la kukifunua. Mama akatushika mikono mmoja mmoja.

"Mungu awatangulie. Na mkifika mchemshe tangawizi. Tangu Segera nawaona mmejikunja, matumbo hayo si mazuri."

Nyumbani tuliingia saa 3 usiku. Watoto wakalala na mchanga wao. Sisi, na tochi ya simu na spana ya kuazima kwa jirani, tukaanza kuing'oa Noah viti. Nilijifunza mengi kuhusu familia yangu usiku ule. Kulikuwa na sare ya shule iliyotangazwa kuibiwa, nusu ya chapati, kijiko changu cha seti, na risiti ya kiatu yenye bei tofauti na niliyoambiwa. Kiti cha mwisho kilipotoka, tukasikia: kwaru, kwaru.

Mume wangu akainua kiatu cha kanisani. Nikamulika. Konokono dogo la pwani, si kubwa kuliko kidole gumba, lilikuwa linatembea kwa vijiguu vyekundu.

"Msimuue!" Kitindamimba alikuwa mlangoni, amejifunga shuka. "Ni wangu. Nilimficha mdomoni."

Ndipo simu ikalia. Mama. Mume wangu akaweka sauti ya wote tusikie.

"Mmefika salama? Hata hawa kaa wamefika, wote watano, wana nguvu hao!"

"Watano, mama?"

"Yule wa sita si nilimpa dada wa kwenye kivuko, aliyenishika mkono nisianguke? Kwani vipi, mwanangu?"

Mume wangu alikuwa amesimama kati ya viti vitano uani, spana mkono mmoja, kiatu mkono wa pili.

"Hakuna kitu, mama. Tumbo tu."

"Si nilisema? Tangawizi!"

Viti tulivirudisha kufikia saa 7 usiku. Boliti tatu zilibaki.