Naomba na Karatasi

Juzi Jumamosi, ndani ya daladala iliyotoka Sabasaba, binti mmoja alinimiminia karanga kiganjani bila kuombwa, akaniambia kwa sauti ya kumliwaza mfiwa, "Shikamoo baba. Kula tu, usione haya." Daladala nzima ikanyamaza. Mama wa kiti cha mbele akageuka, akanitazama, akatikisa kichwa. Konda akasema nauli yangu niache, Mungu atalipa.

Mfukoni nilikuwa na noti mbili za elfu kumi. Tumboni nilikuwa na ugali wa uwele na mlenda, nimeshiba hadi kooni.

Kilichoniponza ni kikaratasi. Karanga za yule binti zilifungwa kwa kipande cha gazeti la hadithi, na humo mlango ulikuwa unafunguka taratibu, Rehema hayaamini macho yake. Kidole gumba kikafunika kilichofuata. Nikapinda shingo. Akazungusha pakiti, nami nikazunguka nayo. Nikameza mate kwa hamu ya kujua Rehema kaona nini. Sasa mzee mwenye mvi anameza mate, macho yamegandia mkono wa mtoto wa watu, nani atamwelewa? Nikajitetea: "Hapana mwanangu, mimi nilitaka karatasi tu." Mama wa mbele akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Siwalaumu. Kikaratasi cha karanga kina ufundi wake. Muuzaji hupasua ukurasa mara nne, akaviringisha kipande kwenye vidole vitatu mpaka kikawa pembe, akakunja mkia ndani zisivuje. Hadithi basi huanzia nje, mdomoni, ikazama tabaka la ndani, na mwisho wake ukakaa kwenye ncha, pamoja na chumvi na maganda mekundu. Huwezi kuufikia mpaka umalize karanga, na ukikunjua mapema zinamwagika. Utoto wangu wote nilidhani hadithi zote duniani huishia kwenye chumvi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, wenzangu walifikiria mazingira. Mimi nilifikiria maktaba yangu inarudi.

Darasa la sita mwalimu aliuliza habari za mradi wa karanga wa Kongwa. Mkono wangu ulitangulia, kwa kuwa nilishausoma, tena kwenye karanga zenyewe: kuanzia mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta, mengine yamegeuzwa kutoka vifaru vya vita, wafyeke pori wapate mafuta ya kula kwao. Kipande changu kiliishia hapo, nikamalizia mwenyewe kwamba walivuna mpaka wakakosa maghala. Darasa likaangua kicheko. Kila mwenye babu Kongwa alijua udongo ule ukikauka unavyokuwa tofali, na mvua inavyojua kukawia. Mradi uliachwa 1951, umeshameza zaidi ya pauni milioni 30. Nusu ya pili ya habari ile bila shaka aliila mtu mwingine.

Na vitabu vilikuwepo, hapo ndipo siwezi kucheka. Ofisini kwa walimu kulikuwa na kabati lenye kufuli. Sisi tungevichafua, tuliambiwa. Kwenye ufa wa mlango nilichungulia migongo yake: Adili na Nduguze, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Miaka miwili nilisoma migongo. Siku mkaguzi alipokuja kabati likafunguliwa, na ikaonekana wanafunzi waliokuwa wakiruhusiwa kusoma ni mchwa. Hakuna aliyeulizwa. Sisi ndio tuliotumwa kuleta fagio.

Tangu hapo nasoma popote palipoandikwa; hata kinyozi wa Chang'ombe ameshanifukuza kwa kugeuza kichwa nisome magazeti aliyobandika ukutani.

Karatasi ya yule binti nilipewa. Nyumbani niliikunjua mezani chini ya taa: mlango unafunguka, Rehema hayaamini macho yake, kisha doa la mafuta, kisha ukingo uliochanika.

Leo asubuhi nimepanda daladala ileile. Konda amenikumbuka, akainama sikioni, sauti chini ili abiria wasisikie:

"Mzee, leo umekula?"