Mimi Fukara, Nina Barua

Mwaka 1984 nilipunguza umri. Msinicheke, wengi wa rika langu tulifanya hivyo. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinachukua vijana wasiozidi miaka ishirini, mimi nilishapita huko kwa miaka minne, basi nikaapa mbele ya karani kwamba nimezaliwa 1965. Kiwanda kilishakufa siku nyingi, mashine zikauzwa chuma chakavu, mafao tukayalilia mpaka sauti zikakauka. Ile 1965 tu ndiyo haikufa. Imehamia mpaka kwenye kitambulisho cha NIDA, na ubavuni wameiwekea tarehe Mosi Julai, siku waliyozaliwa wazee wote wa nchi hii ambao mama zao hawakuwa na kalenda.

Kwa hiyo magoti yangu yalitimiza miaka sitini mwaka 2020, kitambulisho kikatimiza 2025. Miaka mitano katikati hapo nilikuwa mzee wa kuamkiwa shikamoo na kupishwa kwenye daladala, lakini si mzee wa serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na kwamba asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Mimi nina presha. Amlodipini asubuhi, losatani usiku, kila siku ya Mungu, mpaka nizikwe. Unaweza kuona jinsi nilivyoisubiri hiyo Julai.

Nilidhani uzee ndio mtihani. Kumbe uzee wanausoma kwenye kadi, sekunde mbili umemaliza. Kazi iko kwenye hayo maneno mengine, "asiye na uwezo". Ufukara hauna kadi. Inabidi watu waje nyumbani wautazame.

Akaja mama mjumbe wa mtaa. Huyu tunajuana, harusi ya bintiye mimi ndiye niliyesimamia masufuria. Lakini siku hiyo alikuja na daftari, akakataa hata chai, nikajua nimekwisha. Akaitazama sebule taratibu, akafika kwenye friji, akasimama.

"Baba, na hili?"

"Bovu."

"Friji ni friji."

Nikamfungulia. Juu, kwenye barafu, kuna kanga za mama watoto. Katikati unga wa sembe, tunaouhifadhi humo kwa sababu ya panya. Kule chini kwenye mboga kuna viatu vyangu vya msibani. Mama mjumbe akainama, akanusa, akaandika. Sijui aliandika nini, ila aliandika kirefu.

Kutoka hapo nikapelekwa serikali ya mtaa kuchukua barua. Pale nikaambiwa barua ipo, lakini kwanza nionyeshe risiti za ulinzi shirikishi na za taka. Nilikuwa nadaiwa miezi minane. Nikauliza kwa adabu: barua yenyewe si ndiyo inasema siwezi kulipa? Kijana akanitazama kwa huruma, akasema, "Mzee wangu, lipa kwanza, halafu tukuandikie kwamba huwezi." Nikakopa kwa jirani, nikalipa. Ukiisoma barua hiyo leo, ni ya kweli zaidi kuliko siku nilipoiomba.

Picha za pasipoti nne, shilingi 4,000. Mpiga picha akaniambia nitabasamu. Nikamwambia hii ni ya msamaha wa matibabu, akasema basi usitabasamu.

Ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo iliyonivua nguo. Binti aliyenihoji ana heshima sana, shikamoo zake zilikuwa mbili, ya kuingia na ya kukaa. "Babu, una watoto?" Wanne. "Wanafanya kazi?" Hapo ndipo mtego ulipo. Nikisema wananisaidia, kadi ya msamaha sipati. Nikisema hawanisaidii, nimewatangaza wanangu kwenye faili la serikali, na mmoja anatengeneza simu hatua ishirini kutoka ofisi ile. Huenda simu ya binti huyo imepita mikononi mwa mwanangu. Nikajikuta nasema, "Wananisaidia kwa maombi." Akaandika: hana msaada. Jioni yule wa simu alinitumia elfu kumi kama kawaida yake, nikashindwa kumwangalia usoni mpaka Ijumaa.

Shemeji yangu wa Unguja nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. Kwao pencheni jamii ilianza Aprili 2016, elfu ishirini kwa mwezi, siku hizi imepanda, na sharti ni kufika miaka sabini na uwe mkaazi. Friji hawaliulizi. "Nyie wa Bara mnapenda kuhakikiana," akasema. Nikamjibu na yeye asubiri apandishwe boti aje atibiwe huku, tutamhakiki.

Haya, kadi ikatoka. Nikaivaa shingoni, nikaenda hospitali kwa bodaboda, elfu mbili kwenda. Na nisiwe mwizi wa fadhila: dirisha la wazee lipo, bango la kutupisha lipo, na vijana kweli walinipisha. Daktari sikumlipa senti. Akanipima, 170 kwa 100, akasema presha iko juu, nina mawazo? Nikamwambia nimekuwa nikitafuta hii kadi. Akaniandikia dawa zangu mbili za mwezi mzima.

Kwenye dirisha la dawa mambo yakapoa. Losatani hakuna. Amlodipini zipo, ila nitapewa vidonge kumi, vingine nirudi wiki ijayo niangalie. "Ile nyingine, babu, kanunue hapo nje."

Hapo nje pana maduka ya dawa saba yamejipanga mkabala na geti kama wauza samaki wanaosubiri ngalawa. Lakini kabla sijatoka nikambana mfamasia, na yeye, masikini, akanieleza bila kuficha. Dawa wananunua Bohari ya Dawa, na sehemu kubwa ya hela ya kununulia ni hii wanayokusanya dirishani na kwenye bima. Mwenye hela akichukua kidonge, anaacha hela ya kidonge kingine. Mwenye msamaha akichukua, kimekwenda. "Wazee mkija wengi siku moja, rafu inabaki na pamba tu." Serikali imesema tusilipe, akasema, ila ile hela tusiyoilipa hairudi yote kwake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na yeye alikuwa anausubiri kuliko mimi.

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuja na hasira zangu zimeiva, nikaondoka nampa pole.

Losatani thelathini nilinunua elfu tisa duka la tatu. Nyumbani mama watoto akachukua kalamu. Picha, fotokopi, bodaboda za kwenda huku na kule, ulinzi shirikishi, taka: hesabu ilipita dawa za miezi minne. Na wiki ijayo nina elfu nne nyingine za bodaboda, kwenda na kurudi, kufuata vidonge ishirini ambavyo hapo nje ni elfu nne vilevile, kama vitakuwepo.

Kadi yenyewe ni nzuri, ina picha yangu nimenuna. Nikauliza niiweke wapi isipotee, maana mwakani inahakikiwa upya.

"Weka kwenye friji," akasema mama watoto. "Akija mama mjumbe atalifungua mwenyewe."